Kidole cha Shahada

Jedwali lina safu nne na halina mzaha.
Gumba ni ghali. Cha mwisho ni rahisi.
Changu, cha shahada, mkono wa kulia,
kimo katikati ya ukurasa wa kumi na saba:
kina asilimia yake,
asilimia ina bei yake,
na bei ina muhuri.

Bwana Krupa, wakili, alinisomea taratibu
ofisini kwake, juu ya duka la vifungo, mjini Łódź,
tramu ikipita chini na kutetemesha vikombe.
"Bibi Bogumiła," akasema, "usiniambie iliuma kiasi gani.
Niambie ilikuwa saa ngapi."

Saa kumi kasoro dakika nane, alfajiri.
Mashine ya kukandia, ya pili kutoka mlangoni.
Wavu wake wa kinga ulifunguliwa tangu Jumatatu,
ukaegemezwa ukutani kama mwavuli uliosahauliwa na mgeni,
kwa sababu tukiwa na wavu tulitoa mikate mia tisa
na bila wavu, elfu moja na mia mbili.
Donge lilikuwa zito. Nililisukuma.
Basi.
Donge lote lilimwagwa. Hilo waliliandika siku ile ile,
kilo arobaini, kwenye safu ya hasara.

Siku ya tatu, hospitali, akaja Bwana Ziemowit wa utawala
na machungwa sita ndani ya mfuko wa wavu
(machungwa yalikuwa na wavu)
na karatasi moja. "Ni ya kupokea pole tu," alisema.
Kalamu akaitia katika mkono wangu wa kushoto,
mkono ambao haujawahi kuandika hata orodha ya sokoni.
Nikachora B. Ikaanguka kifudifudi.
Muuguzi akaingia na sindano, mgeni akaaga.
Jioni Jagna, binti yangu, akaisoma ile karatasi hadi chini:
zilibaki herufi saba tu
nikiri kwamba mzembe nilikuwa mimi.

Tangu hapo naweka kila kitu ndani ya kopo la biskuti:
risiti za bandeji, tiketi za kwenda kliniki,
barua ya daktari, picha ya ule wavu ukutani
aliyoipiga Wiesława kwa simu, mkono ukimtetemeka;
imefifia, lakini tarehe yake inasomeka.
Wiesława ana mkopo wa nyumba
na miaka minne kabla ya pensheni.
Kidole kimoja hakivunji chawa, najua,
ila sikumwomba ashuhudie.
Nilimmiminia kahawa tu, kwa mkono wenye pengo,
polepole.
Hiyo nayo ni kuomba. Hilo pia najua.

Nilidhani fidia ni ukombozi:
unalipa, mateka anarudi nyumbani.
"Hapa mateka harudi," alisema Krupa.
"Sheria haina kidole cha kukupa. Ina fedha,
nazo hung'olewa kama jino."

Bima wameandika. Wanatoa nusu.
Wanasema nilikuwa na usingizi.
Kweli, nilikuwa na usingizi.
Saa kumi kasoro, alfajiri, nani hana?
Ndiyo maana mtu aliketi siku moja akabuni wavu.

Nimepekua jedwali lote, safu hii sikuiona:
usiku, kidole kisichokuwepo kinawasha,
pale pale chini ya ukucha,
kama kuna unga uliokauka.
Nakuna shuka. Nakuna hewa.
Jagna anageuka upande wa pili, anajifanya amelala.

Kesho saa nne, chumba namba sita.
Wiesława amepiga simu sasa hivi,
hakusema anakuja;
ameuliza tu mahakamani watu huvaa nini.
Nikamwambia: viatu visivyobana, kuna kungoja kwingi.

Wakili wao ataniwekea picha mezani
na kuuliza, kwa adabu, wavu uko wapi hapo.
Nitamwonyesha.
Kwa kidole kile kile nilichozoea.